Kunde ya Kanana Dirishani

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Wiki ya tatu sasa darasa la pili wanasoma mimea. Kila mtoto alipewa mbegu moja kwenye kikombe cha plastiki, anapima urefu kila jioni nyumbani, anachora grafu. Ijumaa kila mmoja atasimama mbele ya wenzake aeleze ya kwake. Kanana amenionyesha — mbegu yenyewe ni kunde. Kunde zetu hizi hizi! Nilitoka Meru Novemba, nikalala kwenye ndege, nikafika Katy, Texas, na sasa nakuta mjukuu wangu anafundishwa kunde. Nimecheka peke yangu jikoni.

Sentimita kumi na tisa. Amepima mara tatu, rula wima, ulimi nje. Nilifundisha darasa la pili miaka thelathini na moja na watoto makini hivi niliowapata hawazidi watano. Lakini mwalimu wake, Miss Jordan, amemwandikia binti yangu Lydiah kwamba Kanana hanyooshi mkono hata siku moja. Hasemi. Lydiah anaiogopa hiyo Ijumaa kuliko mtoto mwenyewe. Mimi pia, nikisema ukweli. Jumapili narudi nyumbani, na ningependa kumwacha akisema.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeharibu.

Asubuhi Lydiah alikuwa hospitali, kazini, Kanana shuleni. Mimi napika sukuma wiki. Jicho likaenda dirishani kwenye kile kikombe — kunde imerefuka, imekonda, haina tawi hata moja. Mkono ukaenda wenyewe. Nimechuma kunde tangu nikiwa na umri wa Kanana: unakata kichwa, inatoa matawi, inanenepa, unachuma tena. Nikakata kichwa. Na majani mawili. Nikayatia sufuriani pamoja na sukuma, kwa sababu mboga haitupwi.

Jioni alikula, akaomba aongezwe. Halafu akachukua rula.

Sentimita kumi na mbili.

Hakulia. Aliangalia kikombe, akaniangalia mimi, akauliza kwa Kiingereza sehemu ile nyingine iko wapi. Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia, umeila. Akaenda chumbani kwake akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Jumatano, 9 Aprili

Hasemi na mimi.

Lydiah alipopata habari alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akakumbuka Ijumaa akaacha. Anasema Sandrine wa kanisani amepanda kunde nyuma ya nyumba, tuombe mche wa urefu ule ule tubadilishe, mtoto hatajua. Nikakataa. Ni watoto wangapi niliowakemea kwa kunakili hesabu za jirani? Binti yangu akasema, "Mama, hii ni kunde, si mtihani wa KCPE." Hata hivyo nimekataa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwendea mwenyewe. Nikaketi chini karibu na kitanda chake — magoti yanajua — nikamwomba msamaha. Nikasema ilikuwa yako na sikukuuliza, Shosho wako alikosea. Nikamweleza kwamba kwetu tunakata hivyo ili itoe matawi. Akauliza kama iliumia. Nikasema labda kidogo. Akauliza matawi yatatoka lini. Kwetu ni siku nne, tano, na kwa jua la kwetu. Nikasema sijui.

Akachukua grafu akaweka alama ya leo. Mstari unapanda, unapanda, unaanguka, unalala. Kifutio kilikuwa pale pale mezani. Hakukigusa. Nampenda huyu mtoto jamani, sina hata la kuongeza.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika haraka, chai inapoa. Basi la shule linafika saa moja na nusu.

Kanana ameshuka ngazi na nguo za kulalia, moja kwa moja dirishani. Akainama juu ya kikombe. Nikajua imekufa.

"Shosho, kuja uone."

Kwa Kiswahili. Tangu Novemba najibiwa Kiingereza katika nyumba hii.

Chini ya pale nilipokata, vichipukizi viwili, kila kimoja kwapani mwa jani lake, vidogo kama vichwa vya kiberiti. Nimelazimika kuvaa miwani. Yeye ameshika rula, anaipeleka kwa kimoja, anairudisha, anaipeleka kwa kingine. Lydiah anaita kutoka mlangoni avae viatu. Hasikii.

"Sasa nipime gani?"

Grafu ya Miss Jordan ina nafasi ya mstari mmoja tu. Nimemwambia, hilo swali lipeleke shuleni. Ukisimama mbele, waulize hivyo hivyo, mwalimu na watoto wote, kwa sauti.

Amevaa viatu, amekumbatia kikombe kwa mikono miwili, na sasa yuko pale nje kando ya barabara na mama yake. Namwona kupitia dirisha. Midomo yake inacheza. Hamwangalii Lydiah, anaiangalia kunde — anajaribu maneno ya lile swali, nadhani. Basi limekata kona.