Pompi Niliyoichagua Mimi

Kamalondo, Lubumbashi,
Tarehe 18 Julai 1974

Mpendwa Yaya Kulthumu, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, wewe, shemeji Kasimu na watoto, na kwamba mguu wa Habiba umepona tangu alipoanguka. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunakwenda kazini. Baba anakohoa kwa ajili ya baridi ya mwezi huu, lakini bado anasimama mwenyewe kuswali. Mke wangu Mwape ndiye anayemwangalia mchana nikiwa garaji.

Bila shaka umeshapata barua ya Baba. Ilimchukua siku mbili kuiandika, na hakutaka nimsaidie. Alikueleza kwamba Mama alifariki njiani kwenda Kasenga, na kwamba motoka ilituharibikia kwa sababu ya pompi ya esansi, pampu ya petroli mnavyoita huko, aliyoichagua yeye. Yaya, hayo ya mwisho si kweli. Pompi niliichagua mimi. Nakuomba unisome mpaka mwisho.

Mwezi wa tano daktari alituambia hakuna tena dawa ya lile tumbo la Mama, tumrudishe nyumbani apumzike. Mama hakulia. Aliomba kitu kimoja, amwone mdogo wake Ngosa, akae naye kidogo kwao Kasenga, kando ya mto Luapula. Juu ya kamio, yaani lori, asingeweza kukaa hata saa moja. Lakini kiti cha nyuma cha motoka ya Baba, unaijua, ile nyeusi ya Kimarekani ya mwaka 1951, kingemtosha kulala kama kitandani. Baba aliiosha siku hiyohiyo, ingawa ilikuwa haitembei.

Mpira wa ndani ya pompi ulikuwa umepasuka, na esansi ilivujia kwenye oili ya mashini, yaani ya injini. Nilikata mpira mwingine kutoka kwenye tairi ya baiskeli. Esansi iliula kwa siku moja. Nikaenda Kambove kwa mzee Musonda, ambaye ana motoka kama yetu, imekufa uani kwake miaka mingi, lakini pompi yake nzima. Mlango ulikuwa umefungwa. Majirani wakasema amekwenda Mitwaba kwenye msiba, hawajui atarudi lini.

Basi rafiki mmoja wa kazini akanipatia pompi ya kamio, mpya, bado imo ndani ya boksi lake. Matundu ya boluti yalilingana na ya kwetu. Tatizo lilikuwa mkono wake, ule unaosukumwa na mashini ili pompi ivute esansi. Ulizidi wa kwetu kwa upana wa kidole.

Baba aliigeuzageuza mkononi, muda mrefu, kama anavyopima kitambaa kabla ya kukata.

“Huu mukono iko murefu,” akasema.

“Nitaweka kipande cha chuma katikati, Baba. Pompi itakaa mbali kidogo, mukono hautasukumwa sana.”

“Tungojee ya Musonda.”

“Mama hawezi kungojea Musonda.”

Akanirudishia pompi. Yaya, nilimsema Baba kwa sauti ya fundi anayemsema mshona nguo. Nikaifunga. Nikaijaribu mpaka kiwanja cha ndege na kurudi, mara mbili, ikavuta vizuri sana. Nilijivuna. Nilimwambia Mwape kwamba Baba amezeeka, anaogopa kila kitu.

Tuliondoka Jumamosi tarehe 15 mwezi wa sita, baada ya swala ya alfajiri. Mama alilala nyuma, kichwa chake juu ya mapaja ya Baba. Alikuwa na furaha. Alikula chungwa, akatuhadithia jinsi wewe ulivyozaliwa siku ya mvua na mkunga akachelewa. Tulikuwa tumeshapita nusu ya njia, jua limesimama kichwani, motoka ikakohoa, ikazima.

Nilipoifungua pompi nilikuta mkono wake umevunjika. Sikuogopa bado. Nilifunga bidoni, dumu letu la esansi, juu ya motoka, nikashusha esansi kwa mpira moja kwa moja mpaka kwenye karabureta, kama tunavyofanya sisi mafundi. Nikawasha. Nikasikia chuma kikitafuna chuma. Kile kipande cha mkono kilichovunjika kilikuwa kimeangukia ndani ya mashini, nayo ikakwama kabisa. Nilijua hapohapo kwamba motoka haitatoka mahali pale. Nilizunguka kwenda kumwambia Baba, lakini alikuwa ameshaona uso wangu.

Hakupita mtu mwenye gari. Tulifungua milango yote minne apate upepo. Baba alimpepea kwa kofia yake, mimi nikamlowesha midomo maji. Karibu na alasiri Mama akafungua macho.

“Tulishafika?” akauliza.

Baba alinitazama. Halafu akamwinamia.

“Tulishafika, Mama Kulthumu. Ngosa anakuya.”

“Muzuri,” Mama akasema. Hakusema kitu kingine tena.

Kamio ya kwanza iliyotokea ilikuwa ikitoka Kasenga kwenda Lubumbashi, imejaa samaki wakavu. Dereva na watu wake walivua kofia, wakatusaidia kumpandisha. Tulimlaza katikati ya vikapu. Samaki wa kwao walimsindikiza kurudi mjini, na mto wenyewe hakuuona. Tulimzika asubuhi iliyofuata, karibu na kaburi la Bibi.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonila. Mama mdogo Ngosa alifika siku ya tatu. Hakuketi. Mbele ya watu wote waliokuwa kwenye mkeka akauliza, “Nani aliweka ile kintu ndani ya motoka?”

Kabla sijafungua mdomo, Baba akajibu, “Ni miye nilichagua. Mutoto alifwata tu yenye nilimwambia.”

Nilikuwa nimeshika sinia ya chai. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kugawa vikombe. Mama mdogo alichukua mzigo wake na kuondoka bila kumuaga Baba. Mpaka leo baadhi ya watu wa Kasenga wanaokaa hapa wanapita mlangoni kwetu bila salamu.

Watu walipopungua nilimfuata Baba uani nikamuuliza kwa nini alisema vile. Alikuwa akikunja kanga za Mama. “Weye uko na miaka mingi ya kuishi na bantu,” akasema. “Yangu imebakia kidogo.” Nilipotaka kubisha, akaniambia nikalete maji.

Musonda alirudi kutoka Mitwaba siku tisa baada ya safari yetu. Labda Mama angeziweza siku tisa. Labda asingeziweza. Kila asubuhi naamka na hesabu hiyo, na haina jibu.

Jumanne iliyopita nilipanda kamio kwenda Kasenga. Motoka yetu bado iko kando ya barabara. Nilifumba macho tulipoipita. Nilimkuta mama mdogo akianika samaki, nikamwambia yote, hata ile sinia ya chai. Hakunitazama. Alianika mpaka kikapu kikaisha, ndipo akauliza, “Baba yako anajua umekuya huku?”

“Hapana.”

“Basi nitakuya kwa arobaini. Nitamuomba samahani.”

Alinipakulia ugali na samaki, akaenda kukaa upande mwingine wa nyumba. Nilikula peke yangu, Yaya, na nilijua nimepewa zaidi ya haki yangu.

Baba bado sijamwambia kwamba nimekwenda, wala kwamba nakuandikia. Siombi unisamehe kwa barua. Nakuomba umwandikie yeye. Mwambie tu kwamba unajua. Ule mzigo ni wangu, na yeye amekonda kwa kuubeba.

Msalimie sana shemeji Kasimu, umbusu Habiba na wadogo zake. Mwape anakusalimu. Mungu amlaze Mama mahali pema, akulinde wewe na nyumba yako, na atupe siku ya kukutana sote, Baba akiwa hai.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata kama leo huwezi kunipenda,

Alimasi