Malka Iliyofungwa

Jumatatu, 3 Februari
Doria ya alfajiri na Komora, naibu wangu. Twiga wale wale karibu na lambo lililokauka. Nyati wamesogea ukingoni mwa mto. Wamekonda.

Ua wa umeme unafanya kazi upande wote wa magharibi. Jana tulifunga malka ya mwisho, njia ambayo mifugo ya huku juu hushukia mtoni kunywa. Sasa hifadhi imezibika. Nimefurahi. Baada ya miaka ya uaskari, kulala porini na kukimbizwa na ndovu, nimekuwa mkuu. Tena mkuu wa kwanza. Kabla yangu hapa palikuwa na vichaka na maneno ya wanasiasa.

Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mkurugenzi amepiga simu mara mbili kutoka Nairobi kuuliza habari za mahema na vyoo vya wageni. Habari za mvua hakuuliza.

Ijumaa, 7 Februari
Vumbi tangu asubuhi. Ng'ombe kutoka Bangale. Malambo ya huko yamekwisha.

Mwenye kundi ni Ami Barisa, ndugu wa marehemu baba. Yeye ndiye aliyenilea. Watoto wake walichunga, mimi akanipeleka shule ya bweni Hola. Sikutegemea kumwona leo. Si kweli. Nilitegemea, nikaomba Mungu asije.

Alisimama upande wa pili wa nyaya.

"Fungua wanywe, kisha tunarudi. Hatulali ndani."

"Ami, si juu yangu kufungua."

"Ni juu ya nani?"

"Ofisi."

Akachungulia nyuma yangu, kana kwamba hiyo ofisi imesimama pale.

Malka nyingine, nje ya hifadhi, iko mbali sana kule chini, na katikati ni mashamba ya watu. Ng'ombe hawa hawafiki. Anajua. Najua.

Jumapili, 9 Februari
Nimempigia Mkurugenzi. Nimeomba saa mbili tu, ng'ombe wanywe watoke. Amesema baada ya sherehe. Wageni wanakuja kuona wanyama, Wario, hawaji kuona ng'ombe. Akanikumbusha kwamba cheo changu bado ni cha majaribio.

Komora amesema tufungue tu, nani atamwambia? Yeye ni mtoto wa wakulima wa Tarasaa. Mpunga wa kwao umekanyagwa na ng'ombe wa kwetu sijui mara ngapi. Na bado alisema tufungue. Nilimfokea mbele ya askari. Nikamwambia akirudia atakwenda nyumbani.

Niliona aibu. Kisha nikaona hasira kwa sababu ya aibu.

Jumanne, 11 Februari
Ng'ombe wananusa maji. Wote wamesimama pua zimeelekea upande mmoja. Mlio wao unaingia hadi chooni.

Fahali mwekundu aliusukuma ua. Umeme ukampiga, akaanguka. Akainuka, akasukuma tena. Mara ya tatu hakuinuka. Wengine wakaanza kumfuata, nguzo zikayumba. Niliamuru umeme uongezwe nguvu. Mimi, si Mkurugenzi.

Watu tunawaruhusu kuchota maji ya kunywa. Mama Halima, mke wa Ami, alipita getini na dumu lake, akachota, akarudi. Hakunywa. Alimnywesha ndama kwa sufuria. Askari wakaniuliza kama hilo linaruhusiwa. Nikasema maji ni ya watu. Alisikia. Akaja mpaka kwenye nyaya, akamwaga yaliyobaki mbele ya viatu vyangu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 13 Februari
Wamekufa wengi. Vijana wameondoka na wachache wenye nguvu, kubahatisha malka ya chini. Ami amebaki na walioanguka.

Mkurugenzi amepiga. Wageni watapita barabara ya kando ya ua. Mizoga iondolewe.

Tumeleta trekta. Kamba miguuni, kuburuta, dizeli, moto. Mmoja alikuwa bado anatikisa sikio. Dereva akazima injini, akanitazama. Nikamwambia aendelee.

Ami akaja. Hakuomba maji tena. Aliomba amchinje mwenyewe, asichomwe mzima. Nikamruhusu. Alimgeuza kuelekea kibla peke yake, hakuna aliyemsaidia. Mzee wa umri ule. Akasoma bismillahi, akakata. Damu ilitoka kidogo tu.

Nilijiona mwema kwa kumruhusu. Kweli, nilijiona mwema.

Jumamosi, 15 Februari
Sherehe imekwenda vizuri. Magari mengi, kofia nyingi. Sare yangu mpya imenikaa sawa.

Mgeni mmoja wa kike aliuliza moshi ule ni wa nini. Mkurugenzi akamjibu kwamba wakulima wanaandaa mashamba. Mama yule akasema harufu yake kama nyama choma. Wakacheka. Nikacheka.

Jina langu likasomwa, msimamizi wa kwanza. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akaninong'oneza kwamba cheo sasa ni cha kudumu. Pilau ilikuwa ya mbuzi. Nilikula sana, nikaongeza.

Jumapili, 16 Februari
Ruhusa imekuja. Tumezima umeme na kufungua malka asubuhi. Ilikaa wazi mchana kutwa.

Hapakupita kitu.

Komora ameomba uhamisho. Sikumuuliza sababu.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua imenyesha wiki nzima. Nyasi zimefika magotini. Twiga wamezaa. Wageni wanakuja hata siku za kazi.

Tulihitaji mlinzi wa geti. Kati ya waliojipanga asubuhi alikuwepo Ami Barisa. Anakaa Garsen sasa, kibandani nyuma ya soko la mifugo. Mama Halima anauza chai ya maziwa ya pakiti. Hayo aliniambia mlinzi mwingine. Ami mwenyewe alisema tu kwamba anaomba kazi, na kwamba macho yake bado mazima.

Nimemwandika. Sare ilikuwa kubwa, akakunja mikono. Gari la kwanza lilipofika aliinua kizuizi, akapiga saluti kama alivyoonyeshwa. Nilipopita mimi akapiga pia.

"Karibu, bwana mkubwa."

Nikasema, "Ami." Akabaki amesimama wima, anatazama barabara.

Jioni nimempelekea chai mwenyewe. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini. Akangoja niondoke ndipo anywe.

Nikaondoka.