Sindano ya Elia na kadi ya jina la zamani

Jumatatu 9 Juni
Neema kamwaga uji sasa hivi kwenye shuka la baba yake, halafu kaufuta kwa nywele zake. Nimecheka. Nikaona aibu kucheka wodini.
Mume wangu Elia leo siku ya nne hapa wodini. Usiku halali. Anasema ukutani kuna watu, mimi hanitambui. Tangu wiki iliyopita shingo ngumu, mikono inatetemeka, mate yanatoka. Mama mkwe anasema ni homa.
Nesi kasema keshokutwa atachomwa ile sindano ya mwezi, ya kutuliza akili. Kauliza kama alishawahi kuchomwa. Mama mkwe kawahi kujibu yeye. Eti hajawahi.

Jumanne 10 Juni
Nilikuwa natafuta sabuni kwenye furushi la mama mkwe. Nimekuta kadi ya kituo cha afya. Jina Ndayizeye. Ni jina la Elia la zamani, la ukimbizini, kabla familia yao haijapata uraia. Sindano ya mwezi, tarehe 28 Mei. Arudi baada ya wiki nne.
Siku ile yeye na Elia waliniaga wanaenda shambani Kasekese kuangalia mihogo.
Nimemuuliza mama mkwe. Kanishika mkono. "Mwana wanje, mwanangu, nyamaza. Wakiona majina mawili watasema uraia wetu wa uongo. Tutarudi kambini."
Nimelia chooni. Sijui dawa ikizidi inafanyaje. Namuogopa mama mkwe. Naogopa kesho.

Jumatano 11 Juni
Nesi kaja na trei. Kampima presha. Kamuuliza jina, Elia anaangalia ukuta. Mama mkwe kajibu, Elia. Nesi akaanza kuvuta dawa. Nzito, ya njano kama mafuta ya kula.
Nikawaza, wakitufukuza, bora tufukuzwe naye akiwa hai.
Nikasema, "Nesi, subiri. Ana jina lingine." Nikaweka kadi kwenye trei.
Mama mkwe kajifunika uso na kitenge.
Nesi kasoma mara mbili. Kaweka sindano chini, kaita daktari. Daktari kasema ile ya kwanza bado iko mwilini, ndiyo inakaza shingo. Tungeongeza nyingine, angeweza kukakamaa vibaya. Kaandika dawa ya kulegeza.
Nesi kaandika majina yote mawili kwenye faili moja. Kamwambia mama mkwe taratibu, "Bibi, sisi hapa tunatibu mtu. Uraia hatukagui."
Mama mkwe hajaniangalia mpaka sasa.

Ijumaa 13 Juni
Shingo imelegea. Jana kalala, hata Neema alipolia hakuamka. Leo kanywa uji mwenyewe.
Sindano ya pili tarehe 25, hapa hapa. Nesi kasema akichomwa tutakaa amwangalie kwanza, ndo turudi nyumbani. Sawa. Nitakaa hata siku nzima.
Mama mkwe bado haongei na mimi. Ila asubuhi kamuosha Neema nywele, na kiazi kikubwa kaniwekea mimi.
Kadi nimeishonea kwenye jalada la daftari hili. Mtu akiuliza tena mimi ndo nitajibu.
Elia ananiita. Kwa jina langu kabisa. Ngoja niende.