Mbegu Iliyobaki Juu ya Moto

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Runingu tuko wazima. Mbuzi wako amezaa mapacha, wajeuri kama weye.

Unauliza kama masomo yenu yashike programu za ordinateri, hizo kompyuta zenu, ambazo kampuni inawapa bure, ama zile ambazo kila muntu anaruhusiwa kuzifungua, kuzitengeneza na kuzigawa.

Nilipokuwa binti, wageni walitugawia mbegu ya mahindi bure. Tulicheza ngoma! Tukapika hata mbegu yetu ya zamani iliyoning'inia juu ya moto, moshi uikinge na wadudu. Mwaka uliofuata wageni hawakurudi, na mahindi yao tuliyoyapanda tena yakazaa masuke kama vidole. Tukakimbilia kwa shangazi, kijijini Mutarule. Mbegu yake ya zamani ilikuwa ingali ndani ya moshi. Akacheka sana: "Beba. Ukivuna, mupe na jirani."

Zote mbili zilikuwa bure, Furaha. Ordinateri miye siijui, lakini mbegu ya shangazi iko juu ya moto wangu hata sasa, na moshi wake unanitoa machozi nikikuandikia.

Koko wako