Gari Lililoegeshwa Mahali pa Wenye Watoto, Hombo

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Mutsamudu. Alhamisi, tarehe 13 Julai 2000, saa tatu asubuhi.
Jina: Oumi Mroudjae.
Umri: Miaka hamsini na saba.
Kazi: Muuza duka.
Makazi: Hombo, Mutsamudu. Zamani Moroni, karibu na bandari.
Mwandikaji: Sajini Ridjali.

Mimi ndiye Oumi niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa, nimekuja kwa miguu yangu. Sajini ameniambia niseme kweli na nisizunguke. Kweli nitasema, lakini kuzunguka nitazunguka kidogo, maana bila kueleza mstari wangu wa chokaa hakuna atakayeelewa kwa nini kijana Issouf amelala humu ndani usiku kucha, na mtoto wake wa kike aliyezaliwa jana alasiri hajaadhiniwa mpaka sasa.

Issouf ni mtu wa Moroni, mume wa Naïma wa kijiji cha Patsy. Ameshitakiwa kwamba aliiba gari la Bwana Mouzaoir, ofisa wa serikali yetu hii mpya iliyojitenga na Moroni. Nimesikia Jumamosi atapakiwa kwenye boti arudishwe kwao. Issouf hakuiba gari. Nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho, na anayejua aliyelitembeza gari lile ni mimi.

Nilikaa Moroni miaka mingi nikiuza vitambaa na vitu vidogo vidogo. Siku moja nilimwona mama mwenye mimba ya mwezi wa tisa ameshushwa mbali, anakuja na jua la saa saba, mkono mmoja mwavuli na mkono wa pili mtoto, na mlangoni kwangu limeegeshwa gari la kijana aliyekuja kununua wembe. Jioni hiyo nilikoroga chokaa nikachora mahali pa gari moja. Nikatangaza kwamba hapo ni pa wajawazito na wenye watoto wadogo, mwingine asiguse. Mwaka jana, mambo ya visiwa yalipochafuka, nilifunga duka nikarudi kwetu. Sikurudi na mali, lakini desturi yangu nilirudi nayo, nikachora mstari mwingine hapa Hombo, mbele ya duka langu, chini kidogo ya lango la hospitali.

Adabu ya pale kila mtu anaijua. Mjamzito ana haki hata kama tumbo halijaonekana, na simwulizi. Mwenye mtoto mgongoni ana haki. Mwanamume peke yake hana haki, hata kama mkewe amelala na mapacha nyumbani. Mwanzo watu walinicheka, kisha wakaanza ujanja. Kwa jirani yangu kuna mtoto mnene, mtulivu, hana neno na mtu, na madereva wakawa wanamwazima. Asubuhi moja nilimwona akishuka katika magari matatu ya wanaume watatu tofauti. Mtoto nilimpa biskuti, wanaume niliwafukuza.

Sajini ameniuliza, mahali pa gari moja pana nini hata watu waazimane watoto. Najibu kwamba ni kwa sababu ya vikwazo. Tangu tuwekewe vikwazo kwa sababu ya kujitenga, petroli inapatikana kwa kubembelezana na betri mpya hazifiki kabisa. Gari likizimwa, haliwaki mpaka lisukumwe au literemke. Mlango wangu uko kichwani mwa mteremko, na barabara inashuka moja kwa moja kuelekea baharini. Ukiegesha pale, unaachia tu, gari linateremka, unatia gia, linawaka. Dereva mwenye betri mbovu akipaona mahali pangu hutokwa na udenda.

Mnamo tarehe 12 Julai 2000, siku ya Jumatano, yapata saa nne asubuhi, Bwana Mouzaoir alifika na gari lake jeupe lenye bendera nyekundu ya serikali, ile ya kiganja. Aliegesha ndani ya mstari, pua ya gari ikitazama bondeni. Hakuwa na mke wala mtoto. Breki yake ya mkono haishiki, hiyo Mutsamudu nzima inaijua, kwa hiyo akatafuta kitu cha kuzuia gurudumu la mbele. Akakiona mlangoni kwangu, akakiokota, akakisukuma chini ya tairi kwa kiatu. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya kaunta nikifungua katoni ya sabuni, sikuona alichokiokota. Ningeona, tusingefika hapa.

Akaingia dukani bila kusema kwezi, yaani salamu ambayo mdogo humpa mkubwa. Nikamwambia, "Bwana, pale ni pa wenye watoto."
Akasema, "Mke wangu ana mimba, Bweni Oumi." Bweni kwetu ni Bibi.
Nikamwuliza, "Yuko wapi?"
Akasema, "Nyumbani."
Nikamwambia, "Basi mahali pake mwegeshee huko huko nyumbani."
Akacheka, akaanza kuchagua sardini kama mtu anayechagua dhahabu ya harusi.

Dakika chache baadaye teksi ya Nadjim ilifika kutoka Patsy. Ndani walikuwamo Naïma na mumewe Issouf. Naïma alikuwa anakwenda hospitali kujifungua, akataka apitie kwangu achukue pamba, sabuni na khanga mbili. Nadjim akakuta mahali pamejaa. Barabara pale ni nyembamba, hana pa kusimama isipokuwa kule chini kabisa, na kutoka kule ni kupanda kwa miguu, basi akabaki katikati ya njia, nyuma ya lile gari. Tumbo la Naïma nililiona kupitia dirisha la teksi, lilikuwa limemtangulia.

Issouf alishuka, akaingia, akasema kwezi, nami nikamjibu mbona, kama ilivyo desturi. Kisha akamwomba Bwana Mouzaoir kwa upole asogeze gari. Bwana Mouzaoir alisema hawezi, kwa kuwa gari likiondoka pale limeondoka, betri haina kitu, na yeye hajamaliza shughuli. Halafu akaisikia lafudhi ya kijana. Akasema, "Yaani mtu wa Moroni ndiye atakayetufundisha pa kuegesha magari yetu?" Nilimwonea Issouf huruma, nikakasirika pia, maana nusu ya maisha yangu nimeila Moroni na hakuna aliyenifundisha chochote kibaya. Issouf akatoka nje, akasimama kando ya lile gari, mkono wake juu ya boneti, akifikiri. Mkono huo wengi waliuona, nami nauthibitisha. Ulikuwa mkono wa mtu anayetafuta pa kumshushia mkewe.

Hapo ndipo alipotokea, kutoka nyumbani kwetu nyuma ya duka, mama yangu mzazi, Bi Faouzia, ambaye watu wote humwita Koko, yaani bibi. Umri wake hatuujui, na ukimwuliza anakutajia vimbunga. Mama alikuwa ameisikia sauti ya Naïma. Akasema mwanamke hawezi kwenda kujifungua na uso mkavu, lazima apakwe msindzano, ile liwa ya manjano ya sandali tunayojipaka usoni. Akaenda mlangoni kuchukua jiwe lake la kusagia. Jiwe halipo.

Sajini ameniuliza, hilo jiwe ni jiwe gani. Namshangaa, maana na yeye ana mama. Lakini kwa kuwa linaandikwa, naeleza. Ni jiwe la tumbawe lililolainika katikati kwa kusagiwa. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, mume huja na nguo zake, na jiwe la msindzano huja pamoja na nyumba. Mama alilipata kwa mama yake. Kila asubuhi huliosha na kulianika mlangoni. Halikaliwi, halikanyagwi, wala mwanamume haligusi kwa mguu. Bwana Mouzaoir amezaliwa mji huu huu, amelelewa na wanawake wenye nyuso za manjano, na bado aliliona jiwe lile akadhani ni jiwe.

Mama akatazama huku na huku, akaliona chini ya tairi. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Akamwendea Issouf, akamwambia, "Mwanangu, weka bega hapo mlangoni mwa gari, ulisukume nyuma kidogo." Issouf alikuwa upande wa dereva, na kioo kilikuwa wazi. Kijana aliyelelewa vizuri hamwulizi mzee kwa nini. Akaweka bega, akasukuma, gari likarudi nyuma kidogo. Mama akainama upande wa pili, akachomoa jiwe lake, akalipangusa kwa buibui, akasema, "Marahaba, Mungu akupe mtoto mwema." Issouf akaitikia, "Amin, Koko," na kwa heshima akainua mikono yote miwili kupokea dua.

Gari likaondoka.

Lilianza polepole, kama mtu anayeaga. Issouf akaruka, akashika mlango, akakimbia nalo, akafanikiwa kuingia nusu, miguu ingali nje. Kuku wa jirani walipata habari kabla yetu. Bwana Mouzaoir alitoka dukani na kopo la sardini kila mkono akipiga mayowe, "Breki! Breki!" wakati yeye ndiye anayejua kuliko sote kwamba breki ya mkono hakuna na ya mguu ni ya kubahatisha. Issouf alijivuta ndani, akashika usukani, akatia gia ili kulipunguzia kasi. Ufunguo ulikuwa umeachwa ndani. Gari, ambalo wiki nzima lilikuwa linakataa, likawaka.

Kwa hiyo kule chini, kwenye kizuizi cha askari, walichokiona ni gari la serikali linakuja linanguruma, bendera inapepea, na ndani yumo mtu wasiyemjua anayepiga kelele "Pisheni!" kwa Kingazidja, lugha ya watu wa Moroni. Siwalaumu. Hata mimi ningemkamata. Lakini waandike na hili: kulikuwa na watu wamekaa ukingoni mwa barabara, na upande wa pili kuna rundo la mchanga wa kujengea. Issouf alilipeleka gari kwenye mchanga. Hakuna aliyeumia. Gari lilipata mkwaruzo mmoja, na taa ilivunjika ambayo tangu Ramadhani ilikuwa haiwaki. Askari wakamvuta nje, na tangu hapo sijamwona mpaka nilipomwona leo kupitia mlango ule, ana mchanga kichwani.

Huku juu, Nadjim aliingiza teksi ndani ya mstari, mahali pake halali. Naïma alishuka akiwa anacheka. Nilimwambia anyamaze, mumewe amekamatwa, akasema anajua, akaendelea kucheka huku machozi yanamtoka, na kicheko chenyewe kikageuka uchungu. Mama alimpaka msindzano shavu moja tu. La pili halikuwahi.

Tulimkimbiza hospitali, na nilikaa naye mpaka asubuhi, ndiyo sababu sikuja jana. Alasiri Mungu alimpa mtoto wa kike. Wajomba walikuja wakataka kumwadhinia, maana mtoto husikia jina la Mungu kwanza kabla ya makelele yetu. Naïma akakataa. Akasema mtoto ana baba, na baba yuko bonde lile pale, si ng'ambo ya bahari, wakamlete. Imamu alimwambia si lazima awe baba. Naïma akamjibu kwamba anajua, na akamfunika mtoto masikio kwa khanga. Jumamosi Issouf akitiwa katika boti, sijui khanga ile itaondolewa na nani.

Sajini ameniuliza kama natambua kwamba nimemtaja mama yangu mwenyewe. Natambua. Nilisita njia nzima. Lakini yeye ndiye aliyenituma. Aliniambia, "Nenda kaniseme. Mimi nimechukua jiwe langu, yule mtoto wa watu amechukua nini?" Akasema tena kwamba kama kuna boti ya kupanda, ataipanda yeye, Moroni hajaiona tangu bei ya mchele ilipokuwa ya kuchekesha. Nilimwacha nyumbani, lakini nasikia sauti yake hapo nje kwenye benchi, kwa hiyo inaelekea hakukaa. Jiwe atakuwa nalo.

Niliyoyaona kwa macho yangu ndiyo hayo, sikupunguza wala sikutia chumvi, isipokuwa pale kwenye kuku. Nimesomewa, nimeyakubali.

(Sahihi) Oumi Mroudjae

MAELEZO YA OFISA

Nimeyaandika maelezo haya mimi Sajini Ridjali, na shahidi ametia sahihi mbele yangu. Bi Faouzia amehojiwa kwenye benchi kwa kuwa alikataa kuingia. Amekiri kuchomoa jiwe, na amesema atalichomoa tena. Niliomba jiwe libaki kituoni kama kielelezo. Alikataa, akisema lina kazi ya shavu moja.

Mlalamikaji, Bwana Mouzaoir, aliitwa. Alisomewa, kisha akatoka nje akamsalimu Bi Faouzia kwezi. Bibi alilipangusa jiwe kwanza, ndipo akamjibu mbona. Mlalamikaji ameondoa mashtaka. Issouf ameachiwa, na habari ya boti imefutwa.

Gari la kituo halina petroli. Bwana Mouzaoir alijitolea kumpeleka Issouf hospitali kwa gari lake, ambalo tulilisukuma mimi, askari wawili, shahidi na mtuhumiwa mwenyewe. Bi Faouzia alikaa kiti cha mbele na jiwe lake mapajani.

Kabla ya adhuhuri nilikwenda Hombo kuhakikisha. Gari nililikuta ndani ya mstari wa chokaa, limezimika, na shahidi, aliyekuwa mlangoni, alisema leo lina haki. Chini ya gurudumu hapakuwa na kitu. Bwana Mouzaoir alikuwa mbele ya gari, amelizuia kwa mgongo, jasho linamtoka. Alisema jiwe limeingia wodini pamoja na baba wa mtoto, na akaniomba nimsaidie kulishikilia gari mpaka adhana ya mtoto iishe. Nikavua kofia, nikaweka bega.