Mkwe Wangu wa Kofia ya Kioo

Jumatatu, 6 Juni 1977

Daftari jipya. La zamani limejaa sifa za Winifrida, na bado hazijaisha! Mwalimu wa kisomo alisema tuandike kila siku, mkono usisahau. Basi naandika. Kibondo nzima, mama gani mwingine ana binti wa simu ya upepo? Miaka miwili ya vita hii, tangu Watu wa Juu washuke na vyombo vyao kutaka maji ya Moyowosi, yeye ndiye anayesikiliza adui wanasema nini. Mtoto aliyeishia darasa la saba! Jirani yangu Rosa naye ana binti. Anashona.

Vita imesimama siku saba. Wakubwa wetu na wakubwa wao wanaongea Kasulu.

Jumanne, 7 Juni

Ameniambia! Tulikuwa tunapepeta maharage. Kumbe kuna mmoja wa Juu, naye ni wa simu. Walianza kwa kutukanana hewani. Baadaye salamu. Baadaye – basi. Mwaka mzima! Kiswahili kajifunza kwa mwanangu, na Kiha kidogo. Jina lake la kwao ni mluzi, haliandikiki. Winifrida anamwita Niyitegeka.

Nikauliza, huyo ana miguu? Akacheka mpaka ungo ukamwagika. Anayo, mama, miwili.

Nilipaswa kukasirika. Lakini binti yangu kapendwa mpaka huko kwenye nyota! Nani mwingine?

Jumatano, 8 Juni

Mume wangu, mzee Bazilio, amejua. Hakupiga kelele, heri angepiga. Alisema mdogo wake Leonidasi amelala kaburini Kasanda, aliungua kwa moto wao, halafu mimi mkewe namtafutia mkwe hukohuko. Akaenda zake mgombani.

Winifrida hakulia. Alinieleza walivyopatana Kasulu: wa Juu atakayepokelewa na nyumba ya huku kabla ya Jumapili, baba wa nyumba akaweka sahihi kwa balozi wa nyumba kumi, anabaki. Asiyepokelewa anarudi chomboni. Vita ikianza, anapigana.

"Nitakuwa namsikia, mama. Mpaka siku nitakayoacha kumsikia."

Nikaenda kuangalia pombe yangu ya ndizi. Jumamosi itakuwa imeiva.

Alhamisi, 9 Juni

Kasulu na kurudi, kwa lori. Kanga mpya dukani kwa Dadi. Nikamwambia ni ya kupokelea mkwe. Wa wapi? Wa Juu, nikasema. Akajibu, ah, wa kijiji cha Heru Juu, watu wema wale! Nikamwacha hivyo hivyo.

Ijumaa, 10 Juni

Mzee kanuna. Ugali lakini kaumaliza. Nikamwambia kijana aje anywe tu, sahihi ni yako. Akasema aje, ila yeye hatashika mrija, maana kunywa naye mtungi mmoja ni kumpokea.

Jumamosi, 11 Juni

Amekuja! Kwa miguu, mchana kweupe, mikono mitupu. Mbele yake balozi Tamimu na karatasi yake, nyuma kijiji kizima. Mrefu, rangi ya majivu. Amevaa kofia ya kioo, maana hewa yetu inamkaba. Chini ya kidevu ina tundu la kunywea – mrija unaingia pale kama ulipimwa! Akachuchumaa, akapiga makofi polepole kama mtoto aliyelelewa. "Mwakeye, mama." Salamu ya asubuhi, na jua limeshapinda! Rosa akacheka. Mimi nikapiga vigelegele.

Nikaweka mtungi katikati, mirija miwili. Nikasema kunywa mwanangu, pombe ya mkono huu haina mwenzake kutoka hapa mpaka Kakonko – na sikuionja!

Mimi! Mwenye nyumba asipoonja kwanza mbele ya mgeni, ni kama ametangaza sumu. Hata mtoto anajua. Nilikuwa najisifu, ulimi ukasahau kazi yake. Tamimu akatazama chini. Winifrida akashika mdomo.

Na Niyitegeka anajua. Desturi zetu zote alifundishwa hewani. Akautazama mtungi. Akanitazama mimi. Halafu akamgeukia mzee.

"Baba, mimi ni wa wale waliomchoma Leonidasi. Kama hii ni kwa ajili yake, ni haki."

Akainama, akanywa. Wala si kidogo.

Nikaurukia mrija wa pili, nikanywa mbele ya wote, machozi na pombe pamoja. Nikaapa kwamba nimesahau tu, nimesahau, mjinga mimi! Winifrida akaja kukaa chini karibu naye, bega kwa bega. Mzee akainuka, akaingia ndani.

Nikamfuata, nikaishia hapa jikoni. Naandika juu ya gunia la maharage, kuandika kunanituliza. Namsikia chumbani anapekua sanduku. Panga haliko humo, nashukuru. Mle kuna shati la Leonidasi na mrija wake, ule aliouviringishia shanga. Haujaguswa tangu tuzike.

Amepita mlangoni. Ameushika kwa mikono miwili.

Nje wote wamesimama kumtazama. Hata Rosa! Karatasi ya Tamimu bado nyeupe, naiona kutoka hapa. Mzee anavuta kigoda. Sio kile chake cha pembeni. Anakivuta mpaka mtungini, kando ya kijana –

Ananiita. Eti mama Winifrida, ongeza pombe, na safari hii onja kwanza, unatutia aibu mbele ya mkwe!