Malaria Niliyoipiga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi 1986

Yolande hakwenda shule tena. Wiki ya tatu! Tangu tulipomzika mdogo wake, Camille, hasemi, halali, anashinda chini ya kitanda. Ana miaka tisa tu! Baba yake anasema watoto husahau haraka. Alphonse, wewe ndiye uliyesahau haraka.

Jumatano, 5 Machi

Jana nilibaki naye nyumbani. Kiwanda hakilipi siku ya kukaa na mtoto mgonjwa bila bon de soins, karatasi ya matibabu, na bon nazipiga mimi mwenyewe, kwa taipureta yangu ofisini, kila siku ya Mungu. Nikamuuliza chef du personnel, mkuu wa wafanyakazi, niandike nini. Huzuni? Akacheka! "Huzuni haiko ugonjwa, maman. Andika ugonjwa ya kweli."

Niliandika malaria. Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Marcelline, jirani yangu hapa kambi ya wafanyakazi, alikuja ofisini akinong'ona. Mtoto wake ana miaka kumi na anakojoa kitandani. Usiku anapiga kelele. Shuleni anasinzia, mwalimu anamchapa, usiku unaofuata anapiga kelele zaidi. Sasa haendi kokote bila mama yake. Nikampigia bon: malaria. Nyuma yake akina mama watatu, kila mmoja na mtoto wake wa namna hiyo. Malaria, malaria, malaria. Kila mmoja akidhani ni aibu ya nyumba yake peke yake! Nilipiga herufi hadi karatasi ikatoboka.

Jumatatu, 17 Machi

Chef kaniita. "Huu mwezi malaria iko mingi sana. Nani atafanya kazi?" Mashine mbili zimesimama, Kinshasa wanadai mali yao. Nilitaka kumwambia ukweli. Mwoga mimi!

Akaniamuru nipige barua: kambi nzima ipuliziwe dawa ya mbu. Alhamisi. Watu na vyombo vyote nje. Nimeipiga, na nakala tatu. Nani mjinga hapa, yeye au mimi?

Alhamisi, 20 Machi

Wapuliza dawa wamefika. Chef mwenyewe anawaongoza! Yolande hataki kutoka chini ya kitanda. Nimembembeleza, nimeahidi mandazi ya soko la Nyawera, mwisho nikamvuta mguu — mtoto wangu, nikamvuta mguu kama mbuzi! — akaniuma mkono. Haki yake.

Nimefunga mlango kwa ndani. Nimekaa sakafuni karibu naye, daftari juu ya goti. Nasikia pampu kwa Marcelline. Sasa iko kwetu.

Chef anagonga. "Maman Yolande, toa mutoto inje! Mbu iko humo!"

Hakuna mbu. Nimemjibu hivyo, kwa sauti, kambi nzima isikie. Hakuna mbu wala malaria!

Pampu imenyamaza. Anauliza taratibu: "Basi zile bon zote uliandika za nini?"

Na Marcelline yuko hapo nje naye, na wale watatu, magodoro kichwani. Nikimjibu, nafungua na aibu za nyumba zao. Wananingoja.